Namba tasa na jirani zake: kwa nini tarakimu ya mwisho haipendi kujirudia

Katika makundi ya WhatsApp ya wazazi na wanafunzi hapa Tanga huzunguka mara kwa mara ujumbe unaodai kwamba wataalamu wamefichua siri ya namba tasa, kwamba sasa namba tasa inayofuata inaweza kutabiriwa, na kwamba kwa sababu hiyo fedha zilizo kwenye simu zetu zimo hatarini. Chanzo cha madai hayo ni jambo la kweli. Mwezi Machi 2016, wanahisabati wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Robert Lemke Oliver na Kannan Soundararajan, walionyesha kwamba namba tasa mbili zinazofuatana huishia na tarakimu ileile mara chache kuliko ilivyotarajiwa. Hilo ni sahihi, na mtu yeyote mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kulihakiki. Yaliyobaki katika ujumbe huo yameongezwa njiani, na makala haya yanakusudia kutenganisha kilichogunduliwa na kilichoongezwa, kwa sababu jambo lenyewe lina uzuri ambao uvumi umeufunika.

Tuanze na maana. Namba tasa ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, na kuendelea bila kikomo. Kwamba hazina kikomo lilithibitishwa na Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Baki nalo tunalijua sote kutoka sokoni. Muuzaji wa soko la Mgandini mwenye machungwa 47 ya Muheza, akiyapanga mafungu ya matano matano, atapata mafungu 9 na yatabaki machungwa 2. Mwenzake mwenye machungwa 52 atapata mafungu 10, naye yatambakia 2. Idadi zao ni tofauti, lakini baki ni lilelile. Mwanahisabati anayechunguza mabaki hajali mafungu ni mangapi. Anatazama yale yaliyobaki mkononi tu. Kwa namna hiyohiyo, tarakimu ya mwisho ya namba yoyote ndiyo baki lake inapogawanywa kwa 10, na ndiyo maana mjadala huu unaweza kuelezwa kwa lugha ya mabaki au kwa lugha ya tarakimu za mwisho bila kupoteza kitu.

Ukiziacha 2 na 5, kila namba tasa huishia na 1, 3, 7 au 9. Inayoishia na tarakimu shufwa hugawanyika kwa 2, na inayoishia na 5 hugawanyika kwa 5, kwa hiyo nafasi nyingine hazipo. Swali la kwanza ambalo mtu makini angeuliza ni kama miisho hii minne hugawana namba tasa kwa usawa. Mjerumani Dirichlet alithibitisha mwaka 1837 kwamba kila mwisho una namba tasa zisizo na kikomo, na kufikia mwisho wa karne ya 19 ilikuwa imethibitishwa kwamba kadiri unavyosonga mbele ndivyo mafungu manne yanavyokaribia kuwa sawa. Tukichukua namba tasa milioni 100 za kwanza, tukiziacha chache zile ndogo kabisa, zinazoishia na 1 ni 24,999,437. Zinazoishia na 3 ni 25,000,135. Na 7 ni 25,000,401. Na 9 ni 25,000,027. Ni usawa wa kustaajabisha, na kazi ya mwaka 2016 haikuupinga hata kidogo. Wengi wanaosambaza ujumbe ule wanadhani kwamba imegunduliwa kuwa kuna tarakimu zinazopendelewa. Hakuna jambo kama hilo lililogunduliwa.

Kilichochunguzwa ni jozi. Chukua namba tasa inayoishia na 1, kisha uulize inayoifuata mara moja inaishia na tarakimu gani. Kama namba tasa zingekuwa kama kura ambazo haziikumbuki kura iliyotangulia, kila mwisho ungepata robo, yaani asilimia 25. Katika namba tasa milioni 100 za kwanza matokeo ni mengine kabisa. Baada ya namba tasa inayoishia na 1, inayofuata iliishia tena na 1 mara 4,623,042 tu. Iliishia na 3 mara 7,429,438, na 7 mara 7,504,612, na 9 mara 5,442,345. Badala ya asilimia 25, kujirudia kumepata asilimia 18.5, ilhali 7 imepata asilimia 30. Kwa zile zinazoishia na 3 na zinazoishia na 7, kujirudia kunashuka hadi karibu asilimia 17.8. Na baada ya inayoishia na 9, inayofuata huishia na 1 mara 7,991,431, karibu asilimia 32. Tofauti hizi si za kuhitaji darubini. Katika utafiti wa kura za maoni, pengo la asilimia 25 dhidi ya 18 lingeitwa kubwa mno, na hapa waliohesabiwa ni milioni 100, wala hakuna hata mmoja aliyekataa kujibu.

Msomaji anaweza kuliona jambo hili kwa kalamu na karatasi. Andika namba tasa kuanzia 7: 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47, 53 na kuendelea, ukitazama kama jirani wawili wanaishia na tarakimu moja. Utapita 50 bila kuwaona. Utapita 100, na bado hutawaona. Mara ya kwanza kabisa ni 139 na 149. Sasa tazama kilichotakiwa kutokea ili jozi hii ipatikane. Kati ya 139 na 149 kuna namba tatu ambazo tarakimu zake za mwisho zinaziruhusu kuwa tasa: 141, 143 na 147. Zote tatu ilibidi zishindwe. 141 ni 3 mara 47, imeshindwa. 143 inaonekana kama tasa kwa jicho la haraka, na wanafunzi wengi huipitisha, lakini ni 11 mara 13. 147 ni 3 mara 49. Baada ya wote watatu kuanguka ndipo 149 ikapata nafasi ya kuwa jirani wa 139.

Mfano huo unatupa maelezo ya kwanza, ambayo ni rahisi na kwa sehemu ni sahihi: ili tarakimu ya mwisho ijirudie, lazima upite miisho mingine mitatu kwanza, na mojawapo inaweza kukamata nafasi kabla hujafika. Waliosikia habari hii kwa mara ya kwanza mara nyingi husema kwamba basi hakuna kilichogunduliwa, maana jambo liko wazi. Hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Tukifanya hesabu ya uwezekano kwa kufuata maelezo hayo peke yake, tukizingatia kwamba katika namba tasa milioni 100 za kwanza umbali wa wastani kati ya jirani na jirani ni takriban 20, tunapata kwamba kujirudia kungekuwa karibu asilimia 20. Hali halisi ni 18.5 na 17.8. Kumepungua zaidi ya inavyotakiwa. Tena, kama kufika mapema ndiko kunakoamua kila kitu, baada ya 1 tarakimu 3 ingeishinda 7 kwa tofauti kubwa, kwa kuwa ndiyo inayokutwa kwanza. Lakini takwimu zinaonyesha 7 ikiwa mbele. Vivyo hivyo, baada ya 3 tungeitarajia 7 ishinde 9, ilhali 7 imepata 7,043,695 na 9 imepata 7,502,896. Maelezo hayo ya kwanza, ya anayekutwa mapema kama kwenye foleni, yanaanguka hapa.

Ufunguo umo katika namba ndogo tunayoipuuza, nayo ni 3. Kila namba tasa kubwa kuliko 3, ikigawanywa kwa 3, huacha baki 1 au 2. Ikiwa baki ni 1, ukiiongezea 2 unapata namba inayogawanyika kwa 3, kwa hiyo haiwezi kuwa tasa. Ikiwa baki ni 2, ukiiongezea 4 yanatokea hayohayo. Maana yake ni kwamba hatua ya 2 imezibwa kwa nusu ya namba tasa, na hatua ya 4 imezibwa kwa nusu nyingine. Hatua ya 6 haizibwi kwa yeyote, kwa sababu kuongeza 6 hakubadilishi baki la 3. Sasa rudi kwenye tarakimu za mwisho. Kutoka 1 kwenda 7 ni hatua ya 6. Kutoka 3 kwenda 9 ni hatua ya 6. Kutoka 7 kwenda 3, kwa mfano kutoka 47 kwenda 53, ni hatua ya 6 pia. Ndiyo sababu 7 inaishinda 3 baada ya 1, na 9 inaishinda 7 baada ya 3, ingawa walioshindwa ndio waliokaa karibu.

Tarakimu kujirudia kunahitaji hatua ya 10, 20, 30 na kuendelea. Hatua ya 10 imezibwa kwa kila namba tasa yenye baki 2 kwa 3. 139 ilifanikiwa kwa kuwa baki lake ni 1. Hatua ya 20 imezibwa kwa zile zenye baki 1. Hatua ya kwanza iliyo wazi kwa wote ni 30, na kumbuka kwamba umbali wa wastani katika eneo tunalolizungumzia ni takriban 20 tu. Kwa maneno mengine, kwa namba tasa nyingi jirani ameshapatikana kabla ya hatua hiyo kufikiwa. Miisho mingine yote ina hatua iliyo wazi kwa wote mapema zaidi: ipo iliyo na 6, ipo iliyo na 12, ipo iliyo na 18, na ipo iliyo na 24. Mimi naliona hili kuwa kiini cha jambo zima, na inasikitisha kwamba halimo katika ujumbe unaosambazwa, kwa sababu mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kulifuata mwanzo hadi mwisho. Namba 7, 11, 13 na nyingine nazo huziba hatua kwa namna hiyohiyo, ila kwa kiasi kidogo zaidi kila namba inapokuwa kubwa.

Kuunganisha athari zote hizo katika hesabu moja ndiko kulikohitaji wataalamu. Mwaka 1923 Waingereza G. H. Hardy na J. E. Littlewood walitoa dhanio, yaani kauli inayoaminika kuwa kweli lakini haijathibitishwa, linalokadiria ni mara ngapi namba tasa hukaa katika umbali fulani kati yao. Lemke Oliver na Soundararajan walilitumia dhanio hilo na kuonyesha kwamba upendeleo wa jozi unatokana nalo, kwa ukubwa unaolingana vizuri na takwimu. Walionyesha pia kwamba upendeleo huo hupungua kadiri namba zinavyokuwa kubwa, na hatimaye kila jozi itakaribia fungu lake la haki. Lakini unapungua polepole kuliko ambavyo hesabu ya bahati nasibu ingetabiri. Jambo hilo la mwisho ndilo lililowashangaza wataalamu. Kwamba upo mwelekeo fulani kungeweza kukisiwa na mtu yeyote aliyeketi na orodha. Kwamba mwelekeo huo unang'ang'ania kiasi hicho hakukuwa kumetarajiwa.

Soundararajan ameeleza kwamba wazo la kutazama jozi lilimjia baada ya kusikiliza mhadhara wa mwanahisabati Tadashi Tokieda kuhusu kurusha sarafu. Ukirusha sarafu mpaka upate kichwa kikifuatwa na upande wa pili, utahitaji kurusha mara 4 kwa wastani. Ukirusha mpaka upate kichwa mara mbili mfululizo, wastani ni mara 6. Sarafu ni ileile na haipendelei upande wowote. Tofauti inatoka katika kuharibika kwa mfululizo: anayetafuta vichwa viwili, akipata kimoja kisha akakosa, anaanza upya, anayetafuta kichwa na upande wa pili, akipata kichwa tena badala ya upande anaoutaka, bado yuko hatua moja tu kutoka mwisho. Fundisho hilo lilimtuma akatazame mifuatano badala ya kuhesabu tarakimu mojamoja, na alipotazama alikuta tofauti kubwa kuliko ile ambayo sarafu ingeweza kuieleza.

Baadhi ya watu wamedhani kwamba mambo haya yanatokana na sisi kuhesabu kwa makumi. Hapana. Chukua mabaki ya 3, ambayo hayahusiani na vidole vyetu kumi. Kuanzia 5, mabaki ya 5, 7, 11, 13, 17, 19 na 23 ni 2, 1, 2, 1, 2, 1, 2. Yanapishana kwa utaratibu mpaka 29 inapouvunja. Katika namba tasa milioni 1 za kwanza, baki 1 lilifuatwa na baki 1 mara 215,873, na baki 2 lilifuatwa na baki 2 mara 216,213, ilhali kubadilika kutoka 1 kwenda 2 kulitokea mara 283,957, na kutoka 2 kwenda 1 idadi hiyohiyo. Hatua ya 6, ambayo tumeona ina nguvu, hapa inasaidia upande wa kujirudia, lakini hatua za 2 na 4 hukutwa kabla yake na kwa pamoja zinazibeba namba tasa zote, nusu kwa nusu. Kwa hiyo kukutwa kwanza kunashinda hapa, na kule kwenye makumi kuwa wazi kwa wote ndiko kulikoshinda. Anayetaka kulielewa jambo hili vizuri ni lazima ayapime yote mawili kwa pamoja.

Wengine wanalichanganya na jambo la zamani zaidi lililobainishwa na Mrusi Chebyshev mwaka 1853. Yeye aliona kwamba ukihesabu namba tasa mpaka kikomo chochote, karibu kila mara zile zenye baki 3 zinapogawanywa kwa 4 huwa zinaongoza kidogo zile zenye baki 1. Kwa mara ya kwanza zenye baki 1 zinapata uongozi hesabu inapofika namba 26,861. Tofauti hiyo ni ndogo sana ikilinganishwa na jumla, na inahusu hesabu ya namba mojamoja. Hili tunalolizungumzia ni la jozi, na ukubwa wake ni wa asilimia kadhaa.

Halafu kuna suala la fedha. Mzee mmoja wa baraza la Ngamiani aliniuliza, "Mwalimu, sasa hela zetu za kwenye simu zimo salama au tuzitoe?" Swali lake ni la haki. Njia mojawapo ya kulinda mawasiliano ya intaneti, iliyobuniwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, hutumia namba tasa mbili kubwa zilizozidishwa pamoja, na usalama wake unategemea ugumu wa kuzitambua zile mbili kutoka katika jibu. Lakini namba hizo mbili si jirani. Kila moja huchaguliwa kwa bahati nasibu, mbali na mwenzake, kwa hiyo kanuni ya jirani haiwagusi. Pili, kila moja ina tarakimu zaidi ya 300, na katika ukubwa huo umbali wa wastani kati ya jirani ni takriban 700, ambako upendeleo umekuwa mdogo sana na kila mwisho unapata karibu robo. Tatu, hata anayejua tarakimu ya mwisho amebakiwa na tarakimu 300 asizozijua. Nilimjibu mzee kwamba aziache fedha zake mahali zilipo, na kwamba wa kuogopwa ni yule anayempigia simu kumwomba namba ya siri, kwa kuwa huyo hahitaji hisabati yoyote.

Kwa sababu hiyohiyo, kutabiri namba tasa inayofuata hakujawezekana. Ukiwa na namba tasa kubwa inayoishia na 9 ukakisia kwamba inayofuata inaishia na 1, utapatia mara nyingi kidogo kuliko ukikisia nyingine, lakini hujui ipo umbali gani. Bado utalazimika kuzipima namba mojamoja. Na namba tasa hazikuwahi kuwa za bahati nasibu hata kabla ya mwaka 2016. 143 haikubahatisha kuwa 11 mara 13. Tunatumia hesabu ya bahati nasibu kwa sababu inazielezea vizuri kwa jumla, na kazi hii imeonyesha mahali ambapo kielelezo hicho kinapwaya.

Upotoshaji uliozoeleka mno ni ule unaosema kwamba namba tasa zinazofuatana haziwezi kuishia na tarakimu moja. Mbali na 139 na 149, zipo 181 na 191, 241 na 251, 283 na 293, na nyingine bila idadi. Mwaka 2000 mwanahisabati D. K. L. Shiu alithibitisha kwamba ukitaja urefu wowote, hata elfu au milioni, ipo safu ya namba tasa zinazofuatana za urefu huo ambazo zote zinaishia na 1, na ndivyo ilivyo kwa 3, 7 na 9. Huo ni uthibitisho kamili, usiotegemea dhanio lolote. Upendeleo wenyewe haujafika hapo: takwimu zinauonyesha, dhanio la Hardy na Littlewood linaueleza, lakini dhanio hilo halijathibitishwa tangu mwaka 1923, hata katika sehemu yake iliyo rahisi kuliko zote kuitamka, ile inayosema kwamba jozi za namba tasa zilizoachana kwa 2, kama 11 na 13 au 59 na 61, hazina mwisho.